Wanaosomea bakteria wajifunze maisha ya Koch, si kanuni zake tu

Kijana anayeingia chuo kikuu kusomea utabibu, uuguzi, tiba ya mifugo au sayansi ya maabara hakawii kukutana na jina la Robert Koch. Hukutana nalo mapema katika somo la bakteria, likiwa limefungamana na kanuni nne ambazo mwalimu huziandika ubaoni na mwanafunzi huzinakili daftarini. Kanuni hizo huhifadhiwa, hutolewa siku ya mtihani, na baada ya hapo mwenyewe husahaulika. Hasara hiyo si ndogo. Mtu huyu aliyeufundisha ulimwengu namna ya kuthibitisha chanzo cha maradhi ndiye pia aliyeonyesha, kwa matendo yake, yanayotokea pale mwanasayansi anapoacha kujidai ushahidi kwa sababu amekwisha kuwa mkubwa. Na sehemu ya somo hilo la pili ilifundishwa hapa kwetu Afrika Mashariki, katika visiwa vya Ziwa Victoria, kwa gharama ya macho ya watu.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji mdogo wa Clausthal, kwenye milima ya Harz nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa afisa wa migodi, na nyumba ilijaa watoto 13. Inasimuliwa kwamba akiwa na umri wa miaka 5 aliwashangaza wazazi wake kwa kuwaarifu kuwa amejifunza kusoma peke yake kwa kuyapitia magazeti ya nyumbani. Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, na baada ya muda akachagua udaktari. Miongoni mwa walimu wake alikuwamo Jacob Henle, ambaye tangu mwaka 1840 alikuwa ameandika kwamba maradhi ya kuambukiza huletwa na viumbe hai wadogo mno. Wakati huo wasomi wengi waliamini kuwa maradhi hayo huzuka kutokana na hewa chafu itokayo katika uozo. Henle alikuwa na wazo, lakini hakuwa na ushahidi. Kazi ya kuutafuta ikamwangukia mwanafunzi wake.

Koch alihitimu mwaka 1866, akamwoa Emmy Fraatz mwaka uliofuata, na akahudumu katika vita vya Ujerumani na Ufaransa vilivyoanza mwaka 1870. Mwaka 1872 aliteuliwa kuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo uko nchini Poland na huitwa Wolsztyn. Huko hakuwa na maktaba, wala maabara, wala msomi mwenziwe wa kujadiliana naye. Alikuwa na wagonjwa wa kutibu, hadubini aliyopewa na mkewe, na nyumba ya vyumba vinne ambamo familia iliishi na yeye akafanya utafiti. Vijana wetu wanaolalamikia uhaba wa vifaa wana haki ya kulalamika, lakini na waikumbuke nyumba ile.

Wilaya hiyo ilikuwa ikisumbuliwa na kimeta, ugonjwa unaoua mifugo na kuwageukia watu. Wanasayansi kadhaa, akiwamo Mfaransa Davaine, walikuwa wamekwisha kuona vijiti vidogo mno katika damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta. Lakini kuona si kuthibitisha. Anayewakuta nzi juu ya mzoga hawezi kusema kwamba nzi ndio waliomwua ng'ombe. Koch alichonga vipande vyembamba vya mbao, akavichovya katika damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta na kuwadunga panya, panya wakafa. Akawadunga panya wengine kwa damu ya mnyama mzima, hawakuugua. Bado hakuridhika, kwa maana yumkini damu ile ilikuwa na sumu nyingine isiyohusiana na vijiti. Basi akavikuza vijiti katika maji ya jicho la ng'ombe, akavihamisha kutoka tone hadi tone, kizazi baada ya kizazi, hata pasibaki chochote cha mnyama wa kwanza. Vilipodungwa panya, viliua vile vile.

Kadhalika alitambua kwamba hali ikiwa ngumu, vijiti hivyo hujigeuza kuwa spora, yaani chembe zenye ganda gumu ambazo zaweza kukaa udongoni kwa miaka mingi zikingoja mnyama wa kuzila. Ndipo ikaeleweka kwa nini malisho yaliyoonekana salama yaliendelea kuua mifugo mwaka hadi mwaka. Mfugaji wa Narok au Nakuru anayekatazwa kupasua mzoga wa ng'ombe wa kimeta anatii onyo lenye mizizi katika nyumba ile ya Wollstein.

Yafaa tutazame alichofanya baada ya hapo. Hakukimbilia kutangaza. Mwaka 1876 alifunga vifaa vyake na kwenda Breslau kwa Ferdinand Cohn, bingwa wa elimu ya mimea aliyekuwa akiwachunguza bakteria, akaomba kazi yake ikaguliwe. Kwa siku kadhaa alirudia majaribio yote mbele ya maprofesa ambao wangeweza kumwaibisha iwapo wangeona kasoro. Hawakuiona, na Cohn akaichapisha kazi hiyo mwaka huo huo. Daktari wa mashambani asiyejulikana aliwashinda mabingwa kwa sababu alikubali kuchunguzwa nao.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin katika ofisi ya afya ya taifa, na huko akalitatua tatizo ambalo lilikuwa likiwatatiza wote. Katika mchuzi wa maabara bakteria wa kila aina huchanganyika, na haiwezekani kumjua mwenye hatia katika umati. Koch aliona kwamba juu ya kipande cha kiazi kilichopikwa kila bakteria hujikuzia kundi lake mahali pake. Kutoka kwenye viazi akahamia jelatini, lakini jelatini huyeyuka katika joto. Suluhisho lilitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, alipendekeza agari, utomvu wa mwani ambao yeye aliutumia kugandisha vyakula vyake. Mwaka 1887 msaidizi mwingine, Julius Petri, akabuni sahani yenye kifuniko ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Sahani ya Petri yenye agari ndiyo meza ya kazi ya kila mwanafunzi wa bakteria, naye mwanamke aliyeiwezesha hatajwi ila kwa nadra.

Kwa nyenzo hizo Koch aliukabili ugonjwa uliokuwa ukiua, kwa hesabu za wakati wake, mtu mmoja katika kila saba. Bakteria wa kifua kikuu ni vigumu kuwapaka rangi na hukua polepole mno, kiasi kwamba mtafiti mwenye haraka huitupa sahani kabla hawajaonekana. Koch alisubiri kwa majuma. Tarehe 24 Machi 1882, mbele ya kikao cha wanasayansi jijini Berlin, aliweka mezani hadubini zake na vielelezo vyake, akaeleza hatua kwa hatua namna alivyomwona bakteria huyo katika wagonjwa, akamkuza peke yake, na kuwaambukiza wanyama. Ugonjwa ambao wengi waliudhania kuwa wa kurithiwa ukajulikana kuwa una mdudu wake. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Kifua Kikuu Duniani, na ugonjwa wenyewe ungali unaua zaidi ya watu milioni moja kila mwaka.

Kutokana na kazi hizo zikaundwa zile kanuni, alizozikamilisha pamoja na msaidizi wake Friedrich Loeffler mnamo mwaka 1884. Kiini chake ni hiki: mdudu apatikane katika kila mgonjwa na asipatikane kwa aliye mzima, atolewe mwilini na kukuzwa peke yake, akitiwa katika mnyama mwenye afya alete ugonjwa ule ule, kisha atolewe tena katika mnyama huyo na kuonekana kuwa ni yeye yule. Kwa mwanafunzi wa leo jambo la kuzingatia ni kwamba kanuni hizo hazikutimia hata kwa Koch mwenyewe. Mwaka 1883 alikwenda Misri na kisha India kukichunguza kipindupindu, na mwaka 1884 akatangaza kuwa mdudu wake amejulikana, ingawa hakuweza kuwaambukiza wanyama kwa ukamilifu. Baadaye ilidhihirika kwamba mtu mzima asiye na dalili yoyote aweza kubeba bakteria wa kipindupindu au homa ya matumbo na kuwaambukiza wengine. Bakteria wa ukoma, aliyeonwa na Hansen wa Norway mwaka 1873, hadi leo hakubali kukua katika sahani. Virusi navyo huhitaji seli hai. Kwa hiyo anayezihifadhi kanuni nne kama aya za msahafu hajaelewa. Kilicho na thamani ndani yake ni tabia ya kujiuliza kama ushahidi ulionao wakataza kila maelezo mengine.

Ubishi wa wakati huo unaeleza hayo vizuri. Mwaka 1892 kipindupindu kiliupiga mji wa Hamburg na kuua zaidi ya watu 8,000. Mji wa Altona, uliopakana nao nyumba kwa nyumba, ulipata vifo vichache mno. Hewa ilikuwa moja, udongo ulikuwa mmoja, lakini Altona ilichuja maji yake ya mto kwa mchanga ilhali Hamburg haikuchuja. Mwaka huo huo, Max von Pettenkofer wa Munich, aliyempinga Koch, alikunywa maji yenye bakteria wa kipindupindu mbele ya watu na akapatwa na kuhara kidogo tu. Alidhani amemshinda mpinzani wake. Kumbe mwili mmoja uliookoka si hoja. Miji miwili iliyolinganishwa ndiyo hoja. Hilo ni somo ambalo katika nchi zetu, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, linastahili kufundishwa hata kabla ya chuo kikuu.

Hadi hapo maisha ya Koch ni ya kuigwa. Mwaka 1890 yalipinda. Alikuwa amekwisha kuwa profesa na fahari ya taifa, na taifa lilikuwa likishindana na Ufaransa ya Pasteur. Mbele ya mkutano wa kimataifa wa madaktari mjini Berlin alidokeza kuwa amepata kitu kinachozuia kifua kikuu kisikue mwilini. Mnamo Novemba dawa yenyewe, iliyoitwa tuberkulini, ikatolewa, naye akakataa kufichua imetengenezwa kwa kitu gani. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka pande zote za Ulaya. Januari 1891 Rudolf Virchow, aliyepasua maiti za waliotibiwa, alionyesha kwamba dawa haikuwaponya, na kwamba katika baadhi yao ugonjwa ulikuwa umeenea zaidi. Koch alipolazimika kutoa siri, ikaonekana ni mchujo wa bakteria wale wale katika gliserini. Hakuna Cohn aliyekuwa ameikagua kazi hiyo. Aliyekuwa amewadunga panya wa kulinganisha kwa ajili ya ng'ombe hakufanya ulinganisho wa kutosha kwa ajili ya watu. Tuberkulini ilibaki kuwa na manufaa ya kupimia nani ameambukizwa. Dawa halisi ya kwanza dhidi ya bakteria huyo, streptomaisini, iligunduliwa mwaka 1943.

Hata hivyo heshima yake haikuzimika. Mwaka 1891 alijengewa taasisi ya magonjwa ya kuambukiza mjini Berlin. Kutoka mikononi mwake walikuwa wametoka au wangetoka Loeffler, Gaffky, Behring, Ehrlich na Mjapani Kitasato, kila mmoja akiwa na ugunduzi wake. Mwaka 1893 alimtaliki Emmy na kumwoa Hedwig Freiberg, kijana aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 30. Mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Wakati huo ulimi wake ulikuwa umekwisha kuteleza tena: mwaka 1901 jijini London alidai kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari ya kutajika kwa binadamu. Uchunguzi wa Waingereza uliomfuata ulithibitisha kinyume chake, na ndiyo sababu tunaambiwa tuchemshe maziwa.

Afrika ilimvuta tangu mwaka 1896, alipoitwa kusini mwa bara kupambana na sotoka. Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam, iliyokuwa chini ya Wajerumani, akachunguza malaria, na akathibitisha kuwa maradhi yaliyokuwa yakiua watu huko Kiziba, magharibi mwa Ziwa Victoria, ni tauni. Ugonjwa wa ng'ombe uletwao na kupe, tunaouita ndigana kali, aliudhania mwanzoni kuwa ni homa nyingine iliyojulikana Marekani, na miaka michache baadaye akiwa Rhodesia akakiri kuwa ni ugonjwa wa peke yake. Hapo alijisahihisha mwenyewe, na sifa hiyo tusimnyime.

Kisha ukaja mwaka 1906. Malale ilikuwa imeteketeza zaidi ya watu laki mbili katika mwambao wa Uganda. David Bruce na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha kuwa huletwa na kimelea anayechukuliwa na mbung'o. Koch, akiwa na umri wa miaka 62, alipiga kambi katika visiwa vya Ssese, na mamia ya wagonjwa wakaletwa, wengine wamebebwa. Alikuwa na dawa yenye arseniki iliyoitwa atoksili. Mwanzoni vimelea vilitoweka katika damu na wagonjwa wakapata nguvu. Habari njema zikapelekwa Berlin. Baadaye vimelea vikarudi. Badala ya kupunguza matumaini yake, Koch aliongeza kipimo cha dawa. Yakafuata maumivu ya tumbo, kizunguzungu, na kwa wagonjwa 22 upofu usioponyeka. Ndipo akarudi katika kipimo cha awali. Alipoondoka mwaka 1907 hakuwa amepata tiba. Alipendekeza wagonjwa watengwe katika kambi, na kambi za namna hiyo zikaanzishwa katika himaya ya Wajerumani kwenye maziwa Victoria na Tanganyika.

Wako watakaomtetea kwa kusema kwamba malale bila dawa ni kifo, na kwamba zama zile hazikujua kamati za maadili. Hoja ya kwanza ina uzito: daktari anayemkabili mgonjwa wa kufa hana budi kujaribu. Hoja ya pili ni nusu ya ukweli. Tarehe 29 Desemba 1900 serikali ya Prussia, aliyoitumikia Koch, ilikuwa imewaagiza wakuu wa hospitali wasimfanyie mtu jaribio lisilokuwa la tiba bila ya kumweleza madhara yake na kupata ridhaa yake. Ni kweli agizo hilo halikuhusu matibabu, wala halikuvuka bahari. Lakini laonyesha kuwa wazo la ridhaa halikuwa geni kwa Wajerumani wa wakati huo. Kilichokuwa kigeni ni kufikiri kwamba mvuvi wa Ssese anastahili kuulizwa. Majina ya vipofu wale 22 hayamo katika vitabu tunavyowasomesha vijana wetu; lake limo.

Koch alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66, na majivu yake yakawekwa katika taasisi ya Berlin ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Uchunguzi wa atoksili ulimsaidia Ehrlich kufikia dawa ya kaswende iliyotolewa mwaka huo wa 1910. Faida hiyo si ya kubezwa, ila haiwarudishii watu macho yao.

Ningependa walimu wetu wa vyuo vikuu, na wale wa sekondari wanaowaandaa wanafunzi kwenda huko, waifundishe miaka mitatu pamoja: 1876, 1890 na 1906. Katika mwaka wa kwanza Koch hakuwa na cheo, akaleta ushahidi na kuomba ukaguliwe. Katika mwaka wa pili alikuwa na cheo, akaleta siri. Katika mwaka wa tatu alikuwa na cheo na dola nyuma yake, na mbele yake watu wasioweza kumkatalia. Akili ilikuwa ile ile na hadubini zilikuwa bora zaidi. Kilichopungua ni mtu wa kumwuliza. Mwanafunzi atakayeliona hilo hatazihitaji kanuni nne kwa ajili ya mtihani pekee. Siku atakapoletewa dawa mpya ya kujaribiwa katika kijiji cha Busia au Kilifi, iwe imetoka ng'ambo au imetengenezwa hapa hapa, atauliza imelinganishwa na nini, nani ameikagua, na wanaodungwa wameelezwa nini kwa lugha wanayoielewa.

Hilo ndilo deni letu kwa wale wa Ssese, na mahali pa kuanza kulilipa ni pale pale ubaoni, pembeni mwa kanuni nne.